Kabla ya kuzipanga shule kwa Hisabati, tuulize wanafunzi walianzia wapi

Mhariri,

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya 2022, liliacha desturi ya kutaja shule 10 bora na watahiniwa 10 bora. Ulikuwa uamuzi mzuri. Hata hivyo orodha zenyewe hazikufa. Zinaandaliwa mezani kwa ajili ya vikao vya tathmini vya halmashauri na kusambazwa kwenye simu za wazazi, na Hisabati, kwa kuwa ndiyo inayoangusha wengi, imegeuka fimbo ya kuwachapia wakuu wa shule.

Sina ugomvi na kulinganisha shule zetu za serikali kwa Hisabati. Kati ya masomo yote, hili ndilo linalofaa zaidi kwa kazi hiyo. Fizikia na Kemia huchukuliwa na waliochagua mchepuo wa sayansi, kwa hiyo shule inaweza kuonekana bora kwa sababu tu imeruhusu wachache wenye uwezo kulisoma somo. Hisabati ni lazima kwa kila mtahiniwa. Karatasi ni moja nchi nzima, saa tatu, maswali 14: sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali manne ya alama 10. Kipimo ni kimoja kwa wote. Linaloharibika ni jinsi tunavyokisoma.

Kosa la kwanza ni kuweka kwenye jedwali moja shule zisizofanana. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora hupokea wanafunzi waliochujwa kwa matokeo ya Darasa la Saba. Shule ya kata ya kutwa hupokea watoto wa kata yake, wakiwamo wanaotembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Ukiziweka pamoja, unachopima ni mchujo uliofanyika kabla mwalimu wa Hisabati hajashika chaki.

La pili ni kutegemea asilimia ya ufaulu peke yake. Gredi D huanzia alama 30, C 45, B 65 na A 75. Aliyepata 29 na aliyepata 2 wote ni F. Mwalimu aliyewatoa watoto 40 kwenye alama 5 akawafikisha 25 amefanya kazi kubwa, na jedwali litasema hakufanya kitu. Mwenzake aliyewasogeza 10 kutoka 27 hadi 31 atapigiwa makofi. Tena shule inaweza kuilenga D moja kwa moja: maswali matano ya sehemu A yakijibiwa kikamilifu ni alama 30 za karatasi. Ukiwakaririsha watoto seti, takwimu na uhasibu kwa miezi mitatu, D zitaongezeka bila aljebra kueleweka. Ndiyo maana nashauri kila anayesoma matokeo ya shule atazame safu mbili: waliopata D na kuendelea, na waliopata C na kuendelea. D zikipanda huku C zimeganda pale pale, fahamuni kilichofundishwa.

La tatu ni idadi. Shule yenye watahiniwa 40 na ufaulu wa asilimia 20 ina waliofaulu wanane. Kwa bahati tu ya kundi la mwaka huo, bila ufundishaji kubadilika hata chembe, asilimia hiyo inaweza kuyumba kwa 12 hivi juu au chini. Yenye watahiniwa 160 huyumba kwa 6 hivi. Basi shule ndogo ndizo zitakazojaa juu kabisa na chini kabisa ya orodha kila mwaka, na mwaka unaofuata zitabadilishana nafasi. Unganisheni matokeo ya miaka mitatu kabla ya kusema lolote juu ya shule ya aina hiyo.

Na mwaka mmoja haulingani na mwingine. Ufaulu wa Hisabati kitaifa ulikuwa takriban asilimia 20 mwaka 2022 na takriban asilimia 25 mwaka 2023. Shule iliyotoka 18 ikafika 21 katika kipindi hicho imepanda kwa macho, lakini wenzake wamezidi kuiacha nyuma.

Njia iliyo bora ipo, na takwimu zake tayari ziko ofisini kwa afisa elimu sekondari. Ni kuwalinganisha wanafunzi wale wale: walipata nini Hisabati kwenye upimaji wa Kidato cha Pili, na walipata nini miaka miwili baadaye. Gredi za mitihani hiyo miwili zina mipaka ile ile ya alama, na namba ya PREM, yaani namba ya utambulisho anayokuja nayo mwanafunzi kutoka shule ya msingi, husaidia kumfuatilia mmoja mmoja, hata aliyehamia kutoka shule nyingine. Mtihani wa Darasa la Saba haufai sana kuwa mwanzo wa hesabu hii, kwa sababu watoto wetu wengi huufanya kwa Kiswahili na maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Wakifika sekondari, hesabu ile ile huja kwa Kiingereza.

Nitatumia namba za kubuni ili hatua zieleweke. Kwanza, chukueni wanafunzi wote wa shule za kutwa za halmashauri kwa miaka mitatu na muwagawe kwa gredi zao za Kidato cha Pili. Tuseme kati ya kila 100 waliokuwa na F, 8 walifaulu Kidato cha Nne. Kati ya kila 100 waliokuwa na D, 45. Na kati ya waliokuwa na C au zaidi, 90. Hizo ndizo namba za matarajio.

Sasa ichukueni shule ya kwanza yenye watahiniwa 100: 40 walikuwa na F, 30 D, 30 C au zaidi. Matarajio ni 3.2 kujumlisha 13.5 kujumlisha 27, yaani kama 44. Waliofaulu kweli ni 42. Shule ya pili nayo ina 100: 85 walikuwa na F, 10 D, 5 C au zaidi. Matarajio ni 6.8 na 4.5 na 4.5, karibu 16. Waliofaulu ni 24. Kwenye orodha ya kawaida ya kwanza inaongoza, 42 kwa 24. Kwa hesabu hii ya pili imevuka matarajio kwa wanafunzi wanane, na bahati peke yake ingeisogeza kwa sita hivi. Ile ya kwanza imepungukiwa wawili tu, jambo ambalo halina maana yoyote. Mkuu wa shule ya pili ndiye wa kutembelewa na kuulizwa anafanya nini, na kwa orodha ya kawaida ndiye angekalia kiti cha moto.

Hesabu hii ina mianya yake. Shule iliyofundisha vizuri sana Kidato cha Kwanza na cha Pili haipati sifa hapa, kwa kuwa wanafunzi wake wanaanza wakiwa juu. Kwa hiyo matokeo ya Kidato cha Pili nayo yasomwe yenyewe. Mwanya mwingine ni watoto wanaopotea njiani. Linganisheni idadi ya waliovuka Kidato cha Pili na waliosajiliwa Kidato cha Nne, halafu kwenye ukurasa wa matokeo wa shule linganisheni safu ya waliosajiliwa na ya waliofanya mtihani kwenye mstari wa Hisabati. Shule iliyovusha 110 ikasajili 78 ina swali la kujibu kabla ya kusifiwa kwa asilimia. Kumbukeni pia kwamba alama za upimaji endelevu, yaani za kazi na mitihani ya shuleni, huingia kwenye gredi ya mwisho. Angalieni safu inayoonyesha watahiniwa wasio nazo.

Hayo yote hufanyika kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi, na afisa takwimu mmoja huyamaliza kwa siku mbili tatu majina yakiwa safi. Yakiwa machafu, kazi kubwa itakuwa kuoanisha namba, na inastahili kufanywa.

Ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri ni dogo. Kwenye kikao kijacho cha tathmini, kabla mkuu wa shule yeyote hajasimamishwa kueleza F zake, ukutani liwekwe jedwali la safu nne kwa kila shule: walioanza na F, matarajio, waliofaulu, na idadi ya walimu wa Hisabati waliokuwepo miaka hiyo miwili. Hiyo safu ya nne naisisitiza, maana kuna shule ambako watoto 85 wenye F walikuwa wakimgombania mwalimu mmoja.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro