Barua kwa mwanangu anayetaka kununua nyumba Goma

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, bibi yako miguu imepungua kuvimba. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda sokoni Mwaloni. Unasema nyumba za Goma zimeshuka bei, wenyewe wanauza wahame, na mwenye roho ngumu akinunua sasa atavuna amani ikirudi. Nimekuelewa. Nina swali moja: hiyo hati ya nyumba itagongwa muhuri na nani?

Usidhani naiogopa Congo. Ada yako ya chuo imetoka Congo. Magunia ya dagaa ninayofunga hapa yanapita Rusumo, yanakatisha Rwanda hadi Gisenyi, na mteja wangu wa Goma hakuacha kuagiza hata volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2021. Watu wa mji ule wanakula, vita iwepo isiwepo. Hapo umeona vizuri, na nimefurahi mwanangu kuona biashara mahali ambapo wenzako wanaona bunduki tu. Ila mimi mambo yakichafuka napoteza magunia ya safari moja. Nyumba huipakii kwenye fuso ukaondoka nayo.

Waasi wa M23 walipouteka mji ule mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa. Mteja wangu ana pesa kwenye akaunti, mkononi hana hata ya sabuni. Ikawa kuvuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta noti. Na noti zenyewe unajua wanavyozichagua: dola ikichanika kidogo tu pembeni, mtu anaigeuza juani, anakurudishia. Sasa wapangaji wako watakulipa nini, na utazivusha vipi hadi Mwanza? Hukuandika.

Nirudi kwenye muhuri. Kwa sheria ya Congo ardhi ni ya serikali, na mgeni hupewa haki ya kuitumia kwa miaka 25 inayoweza kuongezwa. Anayeitoa haki hiyo ni serikali ya Kinshasa. Wanaokaa kwenye zile ofisi za Goma si watu wa Kinshasa. Wakikuandikia hati, siku Kinshasa ikirudi itaitambua? Na huyo anayekuuzia, anauza kwa hiari yake au anakimbia? Maana aliyeuza akiwa anakimbia, akirudi atakwenda mahakamani, na hakimu atamsikiliza.

Ya Uganda unayajua nusu. Amin aliwapa Wahindi siku 90 mwaka 1972, nyumba na maduka yao yakagawiwa watu. Waliogawiwa walisherehekea. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kurudisha mali zile, na mikataba iliyokuwa imefanyika juu yake ikafutwa. Waliozizoea zile nyumba wakaanza kutafuta pa kwenda. Wenyewe walirudi, wengine baada ya miaka ishirini. Goma ni mji wa watu vilevile, mwanangu, wana watoto na wana kumbukumbu.

Kinachoniuma ni kwamba umesomea uhasibu. Umeniletea kurasa za bei na kodi ya mwezi, hesabu safi kabisa, baba yako kaionyesha hadi kwa jirani. Lakini kuhusu hati hakuna hata mstari mmoja. Kampuni kubwa zikienda nchi za namna hiyo hukata bima ya vita na ya kunyang'anywa mali; Benki ya Dunia ina chombo chake cha kazi hiyo, MIGA. Wewe bima yako ni kiwanja cha Buswelu, ambacho unataka tukiuze.

Ukiitaka Goma, ingia na mali inayozunguka. Tuongeze mzigo, nusu ilipwe kabla ya kupakia, nusu ukivuka, mali kauli hapana. Ikiharibika leo, mwezi ujao uko sokoni tena. Nyumba utainunua siku ambayo muhuri hauna mashaka, hata kama bei itakuwa imepanda. Hiyo bei ya juu ndiyo unayolipia usingizi.

Na huyo mwenzako anayesema ukichelewa wiki hii umekosa, mwambie asubiri. Hati ya Buswelu iko sandukuni kwangu, na ufunguo ninao mimi.

Mvua imeanza vibaya, dagaa hawakauki, tumeanika mara tatu tunaanua. Paa la banda la uani linavuja upande wa kuni. Fundi anataka mabati mawili na misumari, tuma ukipata. Mpangaji wa chumba cha nyuma bado hajalipa, safari hii uongee naye wewe. Mkeo mwambie mtori aliouliza hauhitaji nyanya.

Kabla hujamlipa mtu shilingi, nitumie picha ya hiyo hati, mbele na nyuma. Mteja wangu ana wakili wake kule, nitamwomba aisome.

Mama yako