Gata chini ya misindano: kwa nini zinafurika, na namna tunavyozifunga

Masika ikianza, simu tunazopokea karakana zinafanana. "Fundi, gata yangu inavuja." Tukifika tunakuta gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, haivuji hata kidogo. Haina tundu wala haijaachia kwenye maungio, imejaa tu. Maji yakifika mahali pa kutokea yanakuta pameziba, yanarudi nyuma, yanapanda, kisha yanamwagikia ukutani.

Kabla hujatupigia, toka nje mvua ikinyesha uangalie. Yakidondoka mahali pamoja chini ya gata, hapo kuna kuvuja, na dawa yake ni silikoni na dakika chache za kazi. Yakimwagika juu ya ukingo, au ukuta ukilowa mstari mrefu chini ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa unaobeba gata), gata imeziba. Hapo usikubali fundi akuuzie silikoni. Kwa nyumba za Lushoto, hasa za huku juu kuelekea Magamba na Shume ambako misindano (wengine wanaiita mipaini) na misaiprasi mikubwa imezunguka paa pande zote, kuziba ndiyo kazi yetu ya kila msimu.

Wengi hudhani mti ambao ni kijani mwaka mzima hauchafui paa. Mti unaopukutika unamwaga majani yake kwa msimu mmoja, unafagia, umemaliza. Msindano haumalizi. Sindano, yaani jani lake jembamba, hukaa mtini miaka miwili au mitatu hivi, halafu inaanguka, na kwa kuwa kila tawi lina sindano za umri tofauti, zinadondoka mwezi hadi mwezi. Zinazidi wakati wa kiangazi na upepo, Januari na Februari, na hapo hapo mvua za Machi ndizo zinazofuata. Yaani paa linapokea mzigo mkubwa kabisa wiki chache kabla ya maji mengi kabisa.

Miti yenyewe ina tabia tofauti. Msindano uliopandwa kwa wingi huku ni ule wenye asili ya Mexico, Pinus patula, wenye sindano laini zinazoning'inia, ndefu kupita kiganja cha mtu mzima. Msaiprasi, ambao nao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, hauna sindano. Una vimagamba vidogo, na unadondosha vijiti vilivyokatikakatika. Mgrivea unaangusha majani makubwa yenye mapengo, mkaratusi majani magumu yasiyooza haraka. Ukiwa na mkaratusi peke yake, una bahati.

Tatizo ni pale inapochanganyika. Sindano ndefu inasafiri na maji vizuri tu mpaka ikutane na kitu: ncha ya skrubu, ukingo wa kiungo, mdomo wa bomba. Inakingama. Ya pili inalalia ya kwanza, ya tatu inapita katikati yao. Vijiti vya saiprasi vinaziba nafasi zilizobaki, vumbi na chavua ya njano ya misindano vinamalizia. Tukizibua tundu la kutokea maji lililoziba namna hiyo hatuchoti takataka zilizolegea. Tunavuta kitu kizima kilichosukana kama mkeka, cheusi chini na cha kahawia juu, na si ajabu kukuta mche wa mgrivea umeshaota hapo na mizizi yake.

Kuhusu wavu

Hapa tunatofautiana na wauzaji wengi wa vifaa. Kitu cha kwanza mteja anachouliza ni wavu wa kufunika gata. Mzee mmoja alitupokea kwa ombi hilo hilo kabla hata hatujashusha ngazi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Wanangu, mimi nataka wavu tu. Miguu hii haipandi tena ngazi." Tukamjibu, "Mzee, huo wavu ndio utakaokupandisha ngazi."

Wavu wa matundu makubwa, ule wa kuku, unafaa kwa majani mapana. Sindano inaingia kwa ncha, inanasa nusu ndani nusu nje, na zikishakuwa nyingi unapata zulia juu ya gata. Maji ya paa yanateleza juu ya zulia hilo na kuangukia uani. Wavu laini wa mbu unazuia sindano kweli, lakini chavua na vumbi vinaupaka, na maji yanaupita kwa juu vile vile. Sponji za kujaza ndani ya gata ndizo mbaya zaidi: sindano zinachoma humo, na kuzitoa ni kazi ya mchana kutwa. Zipo nyavu nzuri za chuma kisichoshika kutu, zenye matundu madogo sana na zinazofungwa kwa mteremko mkali, ila bei yake ni kubwa na bado zinahitaji kupigwa brashi.

Msimamo wetu ni huu: sindano zitaingia. Gata ifungwe ili zikishaingia zitoke zenyewe na maji, zikakamatwe chini, mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kuzitoa kwa mkono. Mambo mengine yote tunayofanya yanatokana na hilo.

Ukubwa

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Eneo linalopokea mvua ni mita za mraba 80, na kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua moja ya milimita 30 ni lita 2,400; ukitoa zinazorukia nje na kupotea, lita 2,000 hivi zinaweza kuingia tankini. Ndiyo maana tunasema gata mbovu ni maji unayoyamwaga mwenyewe.

Ila linaloamua upana wa gata ni kasi. Mvua kali ya milimita 100 kwa saa, kwa upande mmoja wa paa hilo, inaleta lita 67 kila dakika, zaidi ya ndoo tatu kubwa. Kanuni inayotumika sana kwa bomba la kushusha maji ni sentimita 1 ya mraba ya tundu kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Upande wa mita 40 za mraba unahitaji sentimita 40 za mraba, na bomba la inchi 3 lina kama 45. Kwa hesabu hiyo linatosha, na fundi atakayekufungia inchi 3 hajakosea hesabu. Amesahau miti. Sisi tunafunga inchi 4, ambayo ni sentimita 80 hivi za mraba. Nafasi ya ziada ni ya kupitisha takataka. Na tundu la inchi 4 linataka gata yenye upana wa inchi 6, kwa hiyo hatufungi chini ya hapo.

Umbo nalo lina neno. Gata za pembe nne zinapendeza chini ya bati la msauzi na mafundi bati wengi wamezoea kuzikunja. Lakini zile kona mbili za chini ndizo sindano zinakolala, na maji kidogo ya manyunyu yanatawanyika sakafuni bila nguvu ya kusukuma kitu. Gata ya nusu duara inakusanya hata maji kidogo katikati, yakapata kasi. Kwa nyumba iliyo chini ya misindano hatufikirii mara mbili.

Plastiki au bati? Plastiki haishiki kutu chini ya sindano zilizolowa, na ndani ni laini. Ila inatanuka: kipande cha mita 10 kikipata tofauti ya nyuzi joto 30 kinaongezeka karibu sentimita 2, kwa hiyo maungio yaachiwe nafasi ya kucheza. Fundi anayegundisha kila kitu kikabana kabisa anakutengenezea ufa. Bati tunalitumia pale matawi mazito yanapoanguka, au kima wanapogeuza gata kuwa barabara yao ya asubuhi. Bati hilo liwe geji 26 (namba ikipungua bati ni nene zaidi), na likatwe kwa mkasi wa bati. Grainda inaunguza rangi na zinki kwenye ukingo, na chembe zake za moto zinaganda kwenye bati jipya, baadaye unaona madoa ya kutu usijue yametoka wapi.

Ufungaji

Tunaanza na fishabodi. Ubao wa saiprasi au msindano usiotiwa dawa, ukikaa nyuma ya gata inayofurika, unaoza kutoka nyuma usikoona, siku moja gata inashuka na ubao wake. Gata ya inchi 6 ya nusu duara ikijaa maji ni kilo 9 hivi kwa kila mita. Mita 10 ni kilo 90 zinazoning'inia kwenye mbao yako. Tunataka ubao uliotiwa dawa na kupakwa rangi pande zote kabla ya kupigiliwa, na breketi kila sentimita 60. Breketi ziwe za kubeba kwa chini. Vile vyuma vinavyokatiza juu ya gata kutoka ukingo hadi ukingo ni vigingi vya kunasia sindano, hatuvitumii.

Mteremko tunaupima kwa mpira wa maji na uzi, hatuukadirii kwa macho. Mafundi wengi huridhika na milimita 5 kwa kila mita. Chini ya miti tunaweka sentimita 1. Sasa, kwa gata ya mita 10 hiyo ni sentimita 10 za kushuka, na upande wa chini gata itakuwa mbali na bati kiasi kwamba mvua kubwa inaruka na kuipita. Kwa hiyo urefu ukizidi mita 8 tunagawa: kilele katikati, maji yaende pande mbili, matundu mawili. Ni bomba moja zaidi la kununua, na wateja huguna kidogo hapo. Kona nazo tunaziepuka. Badala ya kuzungusha gata kwenye pembe ya nyumba, kila upande unapata tundu lake.

Halafu kuna kosa dogo tunalolikuta karibu kila nyumba. Fundi ametoboa gata, akapandisha bomba kutoka chini, na mdomo wa bomba umesimama ndani ya gata sentimita moja. Sentimita hiyo ni ukuta: maji yanatuama nyuma yake, mbu wanapata pa kutagia, na sindano ya kwanza inapata pa kuegemea. Tundu linatakiwa liwe sawa na sakafu ya gata au chini yake kidogo. Kwa maungio ya bati ni vivyo hivyo, kipande cha juu kilalie cha chini, maji yasikutane na ukingo. Na lile ua la waya linalochomekwa kwenye tundu, tafadhali, litoe leo.

Kukabidhi kazi kwetu kuna jaribio moja. Tunapanda mwisho wa juu wa gata na ndoo ya maji na konzi mbili za sindano kutoka uani kwako, tunamwaga vyote pamoja, nawe unasimama chini kuona vinatokea. Visipotokea, hatujamaliza.

Chini, kwenye usawa wa kifua, bomba linaingia kwenye kisanduku cha chujio kilicho wazi mbele, chenye wavu uliolala mshazari wa nyuzi 45. Sindano zinateleza na kuanguka nje, maji yanapita, na chini yake kuna wavu laini wa kuzuia mbu. Kwenye mikunjo ya bomba tunatumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Kisha inafuata bomba la kutupa maji ya kwanza, yale yaliyosuuza paa pamoja na kinyesi cha ndege na kima. Kwa paa chini ya miti hatushuki chini ya nusu lita kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 80 ni lita 40. Bomba la inchi 6 linabeba lita 18 hivi kwa mita, kwa hiyo la mita 2 na robo linatosha. Mwisho wake una mfuniko wa kufungua na katundu kadogo kanakodondosha, ili bomba liwe tupu mvua nyingine ikija. Bila hilo, maji ya tankini yanakuwa ya kahawia, na kuyachemsha hakuondoi rangi.

Matawi yanayogusa paa yakatwe. Kumbuka tu kwamba msaiprasi ukikatwa hadi kwenye sehemu kavu ya ndani ya tawi hauchipui tena hapo, ukitaka kuupunguza punguza kwenye kijani. Na mti ulio nje ya mpaka wako una mwenyewe, awe jirani au msitu wa serikali, aulizwe kwanza.

Usafi ni mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Februari kabla ya masika, na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Ngazi isiegemezwe kwenye gata, na iwe mbali na waya wa umeme unaoingia ndani. Angalia pia bonde la paa, pale pande mbili zinapokutana. Uchafu hukaa hapo, kisha mvua ya kwanza inausukuma wote kwenye gata kwa mpigo.

Ukitaka tuje, tutumie picha tatu: tundu la kutokea maji kwa karibu, ubao wa fishabodi kwa chini, na miti ilivyosimama karibu na paa. Taja urefu wa kila upande wa nyumba na tanki lilipo. Orodha ya vifaa tutakupa, na ukipenda kununua mwenyewe Mombo au Korogwe, ruksa. Tutakutoza ufundi tu.