Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fidia ya Kibarua

Ndugu wanachama,

Jinja, hapa Uganda, imekuwa mji wa viwanda tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Adha zake tunazijua: maji machafu, familia nzima katika chumba kimoja, watoto wanaolala peke yao mama akiwa zamu ya usiku. Mwaka huu kamati ilijikita katika jambo moja, kibarua anayeumia kazini akakosa fidia.

Sheria ipo. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mshahara wa miezi 60. Kinachoangusha madai ni ushahidi. Kibarua huletwa na wakala, hulipwa mkononi kila Jumamosi, na jina lake limo kwenye daftari la getini tu. Mashine ikimkata vidole, kiwanda husema hakimjui, na wakala keshazima simu.

Kanuni za Ajira za 2011 zinataka kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo apewe mkataba wa maandishi. Wapo wanaosimamishwa siku chache kabla, kisha wakaitwa upya. Ndiyo maana tunahimiza kila mmoja aandike tarehe, saa ya kuingia na kutoka, mashine aliyotumia na jina la msimamizi. Ukiweza, pokea ujira kwa simu. Ujumbe wa malipo hubeba tarehe na jina la mtumaji.

Ajali ikitokea, mjulishe msimamizi kwa maandishi siku hiyo hiyo, ubaki na nakala. Piga picha ya mashine kabla kinga iliyoondolewa haijarudishwa. Mwombe daktari aandike kwamba jeraha limetokea kazini, na kwa mashine gani; "jeraha la mkono" peke yake halimsaidii afisa wa kazi, yaani ofisa wa serikali anayeshughulikia madai ya wafanyakazi. Anayefukuzwa kwa sababu ya kudai ana miezi 3 tu ya kulalamika.

NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: mfanyakazi huchangia 5% ya mshahara, mwajiri 10%, na tangu 2022 hata mwajiri wa mtu mmoja anawajibika. Mchango wa mwezi uliopita uwe umefika kufikia tarehe 15. Kagueni salio kila mwezi, kwani wengine hukatwa na fedha haziendi popote.

Kima cha chini cha mshahara kingali kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Muswada wa kima cha chini uliopitishwa na Bunge 2019 haukutiwa saini na Rais. Hili linatuuma, na tutaendelea kulipeleka kwa wabunge wa wafanyakazi.

Daftari za mfukoni zitagawiwa baada ya mkutano huu. Wanaofanya zamu ya usiku wachukuliwe zao na wenzao.

Mwenyekiti