Jina la mke liandikwe kwenye hati mume angali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu wa Mtwara na Lindi jambo ambalo familia yangu ililijua kwa kuchelewa.

Mdogo wangu wa kike aliishi na mumewe miaka ishirini na miwili hapa mjini. Mume alikuwa mvuvi, yeye akikaanga samaki na kuwauza, na kwa fedha za jasho la wote wawili wakajenga nyumba ya vyumba vinne. Kiwanja kilipopimwa, hati ikatoka kwa jina la mume peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekwenda kujaza fomu siku hiyo. Shemeji alipofariki, nyumba nzima ikahesabiwa kuwa mali ya marehemu, na mdogo wangu, kwa kuwa marehemu aliacha watoto, akapewa thumni, yaani sehemu moja ya nane. Sina neno na thumni, maana hiyo ndiyo hukumu ya dini yetu ya Kiislamu juu ya mali ya marehemu. Kinachoniuma ni kwamba sehemu ambayo haikuwa ya marehemu nayo iliingizwa katika mafungu, kwa sababu mdogo wangu hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba saruji na mabati yalitoka pia mfukoni mwake.

Wapo wanaosema kwamba sheria inamlinda mke hata kama jina lake halimo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Lakini shauri lile lilikuwa la talaka, na wahusika wote walikuwa hai wa kusimama na kujieleza. Mume akishazikwa, shahidi mkubwa wa mke amezikwa naye, na kinachotazamwa kwanza ni jina lililo kwenye hati.

Baada ya msiba huo nilikwenda ofisi ya ardhi kuuliza namna ya kumwingiza mke wangu katika hati ya nyumba yetu, nikidhani nitatakiwa kumlipa wakili fedha nyingi. Haikuwa hivyo. Fomu za uhamisho tulizijaza wenyewe kwa maelekezo ya afisa ardhi, tukaambatanisha hati halisi, vitambulisho, cheti cha ndoa na risiti za pango la ardhi lisilo na deni. Wakili alihitajika kwa dakika chache tu, kushuhudia saini zetu. Gharama nyingine zilikuwa ada na tozo za serikali. Mwenye hati iliyowekwa rehani benki, hata hivyo, aanze na benki, kwani bila ridhaa yake hatafika mbali.

Lililonichukua siku nyingi ni swali moja: mnataka kumiliki kwa namna gani? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua namna mbili. Katika umiliki wa pamoja, ambao sheria hiyo imeuweka kwa wanandoa, nyumba haina mafungu, na mmoja akifariki aliyebaki anakuwa mmiliki wa nyumba yote. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, na akifariki fungu hilo ndilo linalokwenda kwa warithi wake. Sisi tulichagua hisa, nusu kwa nusu. Nusu ya mke wangu nilimpa nikiwa mzima wa afya, kwa hiba, yaani zawadi, na yangu itarithiwa kwa mafungu ya dini bila mtu kudhulumiwa, wakiwemo watoto wangu wa ndoa ya kwanza. Wanandoa ambao watoto wao wote ni wa tumbo moja huenda wakaona umiliki wa pamoja unawafaa zaidi. Ninachowasihi ni kutosaini kabla ya kuelewa tofauti hiyo, maana neno moja kwenye fomu ndilo litakaloamua nani atabaki ndani ya nyumba.

Wenzetu wa Newala, Tandahimba na Ruangwa wenye mashamba ya mikorosho wasidhani haya ni ya mjini tu, kwa sababu hata hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa na halmashauri ya kijiji inaweza kubeba majina ya mume na mke.

Ombi langu kwa maofisa wanaopita mitaani kwetu kurasimisha makazi ni kwamba, kabla ya kuandika jina la aliyewafungulia mlango, wamwite na mwenzake aliye jikoni au sokoni, na wawaulize wote wawili.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara