Lile neno "kama", mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Huku Uyole baridi ya Juni imeshika, ukungu hautoki mlimani mpaka saa nne. Nimesoma ujumbe wako: mikono kama si yako, sauti kama ya mtu mwingine, mji mzima wa Iringa kama picha iliyobandikwa ukutani.

Kujiona uko mbali na nafsi yako huitwa dipesonalaizesheni. Dunia ikionekana ya bandia, ni direalaizesheni. Wengi huanza ujanani, karibu na miaka 16. Si wazimu. Aliyechanganyikiwa huamini kabisa kwamba mikono si yake. Wewe umeandika "kama", tena mara tatu, nami hilo neno limenituliza.

Hofu ikizidi, ubongo hupunguza hisia, mfano wa swichi kuu inayokata umeme ili nyaya zisiungue. Kukesha huichochea hali hii, na misiba, na bangi. Bangi usiivute hata mara moja. Kahawa iishie saa nane mchana.

Kinachoikuza ni kujikagua. Unajitazama kwenye kioo, unajiuliza "nimerudi?", hofu inapanda, hali inakolea, unajitazama tena. Acha kioo. Nawa uso kwa maji ya baridi (ya bomba la Iringa asubuhi yanatosha kabisa), kandamiza nyayo sakafuni, kisha taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, 3 unavyovisikia. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, dakika 5 hivi. Usihemeheme: ukihema haraka hewa ukaa hupungua damuni, kichwa kinakuwa chepesi, na ule umbali unaongezeka. Halafu rudi kwenye daftari lako hata kama hali bado ipo. Wengi hungoja iishe kwanza, wakangoja siku nzima.

Shangazi yako atasema umerogwa. Mwitikie kwa adabu, usibishane.

Ikidumu wiki kadhaa au ikikuvurugia masomo, nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Dawa mahususi ya hali hii hakuna. Tiba ya mazungumzo husaidia, na dawa huweza kutolewa kwa wasiwasi au sonona inayoambatana nayo. Ukipotewa na fahamu, au ukinusa harufu isiyokuwepo, mweleze daktari, maana kifafa nacho huleta hali hiyo. Wazo la kujiua likikujia, usingoje kuche: mwamshe mwenzako wa chumbani, nipigie.

Jumamosi nakutumia viazi kwa basi. Ukipiga simu, niambie umelala saa ngapi na umekula nini. Kama umerudi au hujarudi, sitakuuliza.

Mama yako