Risala ya Akina Mama wa Kikundi cha Lishe kwa Mgeni Rasmi, Busia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Afya wa Wilaya, Mwenyekiti wa LC (baraza letu la mtaa), viongozi wa dini, wakunga wetu, waume zetu mliokubali kukaa juani pamoja nasi, mabibi na mabwana, hamjambo.

Karibu sana hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, ambapo Msamia, Mteso na Mganda husikilizana kwa Kiswahili cha sokoni. Historia yetu ni fupi: tulikuwa chama cha kuzungusha pesa. Tulipoona michango mingi inakwenda kwa wajawazito walioishiwa damu, tukaanza kuzungumzia sahani.

Mgeni Rasmi, mara nyingi tunafundishwa lishe kana kwamba hatuijui. Muulize mama yeyote hapa, atakutajia dodo (mchicha), maharage, mayai, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, na mukene, dagaa wetu wa ziwani kutoka Majanji. Tunajua. Kinachotushinda ni kingine.

Kuna hofu. Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba mjamzito akila vizuri mtoto atakuwa mkubwa, na mama atapasuliwa. Basi miezi ya mwisho, mwili unapodai zaidi, ndipo mtu anapojipunguzia. Wapo pia waliokatazwa kuku na mayai tangu usichana. Hao kuku waliliwa na nani? Waume zetu mnacheka, jibu mnalo.

Vidonge vya kuongeza damu navyo vina maneno. Vinachafua moyo, vinageuza choo kuwa cheusi, mama anaogopa, anavificha chini ya godoro. Mkunga akieleza mapema kwamba weusi huo unatokana na madini ya chuma, vinamezwa. Tumejifunza pia kwamba chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini hayo. Siku hizi chai inasubiri, na maharage tunayala na chungwa, linalosaidia mwili kuyapata. Kuhusu kula udongo na emumbwa, yaani udongo uliochanganywa na mitishamba, bado tunabishana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini zito kuliko yote ni mfuko. Mayai ya kuku wetu huuzwa yanunue sabuni na daftari. Anayeamua kiuzwe nini ni baba. Anayepakua chakula, mara nyingi, ni mama mkwe. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Sasa fikiria, mama anaelezwa yote hayo peke yake, kisha anarudi kwenye nyumba ambayo hashiki pesa wala mwiko.

Kwa hiyo tunaomba haya. Mafunzo ya lishe yatoke kliniki yaje vijijini, kwa Kiswahili na Kisamia, sufuria ikiwa jikoni, na waume na mama wakwe waitwe kwa majina. Vidonge visikatike kituoni, maana anayerudi mikono mitupu mara mbili hatembei mara ya tatu. Tena utusaidie kupata mbegu za maharage yenye madini mengi ya chuma, yale yaliyotolewa na watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo Uganda, mwaka 2016, mashamba tunayo.

Mheshimiwa, baada ya hotuba yako chakula kiko tayari: posho (ugali), dodo, na mukene wa kuchanganywa na karanga. Leo wajawazito watapakuliwa kwanza, nawe tunakuomba uwapakulie.

Ahsante.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.