Kwa nini usikisomee Kiingereza hapa hapa? Swali la viza linalowaangusha wengi

Kijana mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Arusha, tunakowashauri wanaoomba viza za kwenda kusoma Kiingereza, na barua ya kunyimwa viza ya Uingereza. Shule aliyochagua ilikuwa nzuri, ada alishalipa, benki alikuwa na akiba, na pasipoti yake ilikuwa mpya. Kwenye fomu, sehemu ya sababu za safari, alikuwa ameandika maneno machache tu: anakwenda kuboresha Kiingereza chake. Ofisa aliyelisoma ombi hilo aliona pia vyeti vyake vya kidato cha nne, kidato cha sita na stashahada ya biashara, vyote vya masomo yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Akamjibu kwamba haelewi kwa nini mtu wa namna hiyo atumie mamilioni kwenda kusoma Kiingereza wiki 24, wala haoni kitakachomrudisha nyumbani kozi ikiisha.

Barua za aina hiyo tumezisoma nyingi, na ndiyo sababu ya makala haya. Watu hujiandaa kwa maswali ya pesa na picha za pasipoti, lakini swali zito kwa Mtanzania au Mkenya ni hili: kwa nini usikisomee Kiingereza hapa hapa? Kwetu lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza ni Kiingereza, na Kenya mtoto hukutana nacho mapema zaidi. Ofisa wa viza analijua hilo. Akikuona unaomba kwenda kusoma lugha ambayo kwenye karatasi unayo tayari, hujiuliza kama kozi ndiyo safari au ni mlango tu.

Sisi tuliopita sekondari za kata tunaujua ukweli ulio nyuma ya vyeti. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, hueleza kwa Kiswahili, na mwanafunzi hukariri apate kufaulu. Mtu anaweza kuwa na diploma na bado akashikwa na jasho mgeni akimwuliza njia. Hakuna aibu hapo, na hilo ni hitaji la kweli. Ila halionekani kwenye cheti, kwa hiyo lazima ulionyeshe mwenyewe.

Unalionyesha hivi. Shule nyingi za lugha hutoa mtihani wa kupima kiwango, mara nyingi kwa njia ya intaneti. Ufanye, na matokeo yake uyaambatanishe. Kama umepata A2, yaani kiwango cha chini, ilhali una diploma, karatasi hiyo inasema kwa niaba yako kile ambacho ukikiandika mwenyewe kitaonekana ni kisingizio. Halafu eleza Kiingereza hicho kinakwenda kufanya kazi gani. Dereva wa watalii anayetaka kuwa mwongozaji, na mwajiri wake ameandika barua kwamba anampa likizo ya wiki 12 na kwamba nafasi yake inamsubiri kabla ya msimu wa Juni kuanza, ana maelezo yanayoshikika. Mwenye duka la vinyago anayepokea oda kwa barua pepe naye anaweza kuambatanisha barua pepe hizo. Na ueleze pia kwa nini kozi za hapa hazikutoshi. Kama ulishasoma jioni hapa mjini miezi sita, weka risiti zake. Usizifiche ukidhani zitakuharibia, maana zinathibitisha kwamba hamu yako ya kujifunza haikuanza siku uliyoomba viza.

Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Bujumbura hali yao ni tofauti. Wamesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo swali la "kwa nini" lina jibu jepesi. Lakini tunapozungumza nao huwa tunawauliza kama wameifikiria Kampala au Nairobi kabla ya London. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kuishi Kampala miezi kadhaa ukisoma ni gharama ndogo mno ukilinganisha na Ulaya. Tukimshauri mtu hivyo, sisi hatupati kitu. Hata hivyo tunamshauri, kwa sababu tumeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya kozi ambayo ingepatikana mwendo wa basi.

Sasa tuje kwenye viza zenyewe. Anayekuja kwetu huanza kwa kutaja nchi. Sisi humwuliza kwanza: wiki ngapi? Urefu wa kozi ndio unaoamua aina ya viza, na kukosea aina ni kukosa hata kabla hujasomwa.

Kwa Uingereza mpaka ni miezi sita. Kozi isiyozidi hapo huombewa viza ya kawaida ya mgeni, ileile ya mtu anayekwenda kutembelea ndugu, mradi shule iwe imeidhinishwa. Utaratibu huu ulianza Desemba 2020, na bado tunakutana na watu waliopewa ushauri wa kabla ya hapo na jamaa aliyesafiri zamani. Kozi ya zaidi ya miezi sita hadi 11 ina viza yake ya masomo ya muda mfupi, ambayo ni ya Kiingereza peke yake. Huwezi kuchanganya na kozi ya kompyuta, na lazima uwe umefikisha miaka 16. Viza zote mbili hazikuruhusu kufanya kazi, wala huwezi kwenda na mke, mume au watoto kama wategemezi wako. Ile ya miezi 11 hairefushwi.

Tofauti ya gharama ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Aprili 2025 ada ya viza ya mgeni ilipandishwa hadi pauni 127 na ile ya masomo ya muda mfupi hadi pauni 214. Ada hizi hupanda mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku unayolipa. Lakini mwenye kozi ndefu analipa pia tozo ya huduma ya afya, pauni 776, na kama anaishi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa kupima kifua kikuu kwenye kituo kinachotambuliwa na serikali ya Uingereza. Hospitali yako ya kawaida, hata ikiwa nzuri namna gani, haitambuliwi kwa kazi hiyo. Ndiyo maana anayetaka wiki 28 huwa tunamwomba afikirie wiki 24. Wiki nne zile za ziada zinamhamishia kwenye viza nyingine kabisa.

Kuna na viza kamili ya mwanafunzi, ambayo mawakala wengine huitangaza kama njia bora kuliko zote. Kwa kozi ya lugha, viza hiyo inadai kozi iwe ya ngazi ya B2, yaani ya kati kuelekea juu, au zaidi. Anayeanza mwanzo haimhusu. Akikuambia mtu kwamba atakupatia hiyo huku Kiingereza chako kikiwa cha salamu, muage.

Ireland ni habari nyingine, na vijana wanaipenda kwa sababu moja: kazi. Ukichukua kozi ya wiki 25, yenye angalau saa 15 za darasa kwa wiki, na iliyo kwenye orodha ya kozi zinazotambuliwa na serikali yao, unaweza kupewa ruhusa ya kukaa miezi minane inayoitwa Stamp 2. Ruhusa hiyo inakuwezesha kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ukifika unajiandikisha uhamiaji na kulipa euro 300 za kadi ya ukaazi, na bima binafsi ya afya ni lazima. Ombi lenyewe hujazwa mtandaoni, na hulipeleki mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari.

Tafadhali nielewe vizuri hapa. Mshahara wa kazi utakayoipata Dublin hauhesabiki kwenye pesa za kujikimu unazotakiwa kuonyesha. Pesa hizo ziwepo kabla hujapanda ndege, na ada ya shule iwe imelipwa. Nyumba Dublin ni chache na kodi yake inauma. Kijana anayekwenda akitegemea kwamba kazi ndiyo itamlipia chumba anaweza kulala kwa marafiki wiki ya tatu, na darasani akaanza kukosekana. Mahudhurio yakishuka, ruhusa ya kukaa nayo inaingia hatarini.

Na viza ya Uingereza haikuingizi Ireland. Kuna mpango wa viza moja kwa nchi zote mbili, lakini ni wa raia wa China na India. Mpaka kati ya Belfast na Dublin hauna kizuizi, basi linapita tu, na kwa hiyo mtu anaweza kuvuka kwa matembezi ya wikiendi asijue kwamba amevunja sheria ya nchi ya pili. Siku ya kuomba viza nyingine ataulizwa.

Malta inawafaa wenye muda mfupi. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, shule zipo nyingi, na kisiwa ni kidogo. (Mswahili akisikia Wamalta wakihesabu hushtuka: sita kwao ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Sisi na wao tulichota kisima kimoja, Kiarabu.) Kwa kuwa Malta imo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza fupi moja, kozi ya chini ya siku 90 inaombewa viza fupi ya Schengen ya euro 90, na bima ya safari inayofidia angalau euro 30,000. Wiki 12 ni siku 84. Zinakubakia siku sita za kufika, kutulia na kuondoka, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi kwa kubahatisha. Siku za matembezi ya Italia au Ufaransa zinahesabiwa humohumo.

Pesa. Kosa tunaloliona zaidi si umaskini, ni haraka. Mtu ana biashara nzuri lakini mauzo yake yote yanapita kwenye simu, na benki akaunti imelala. Wiki mbili kabla ya kuomba anakusanya kwa kaka, shangazi na kikundi cha VICOBA, anaweka milioni 15 kwa mara moja. Ofisa akifungua taarifa ya benki anaona akaunti iliyokuwa na laki mbili miezi mitano, kisha mlima. Anachohitimisha ni kwamba pesa si zako na zitarudi kwa wenyewe. Kama kweli umechangiwa, sema umechangiwa. Kila mchangiaji mkubwa aandike barua ya udhamini, aonyeshe kipato chake na uhusiano wenu. Mauzo ya simu nayo yana kumbukumbu, na kampuni ya simu inaweza kukutolea taarifa ya miamala. Ongeza leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN) na karatasi za kodi. Anayeanza kupitisha mauzo benki miezi sita kabla anajisaidia kuliko mwenye barua kumi za kuombea.

Karatasi za Kiswahili zinawasahaulisha wengi. Barua ya serikali ya mtaa, mkataba wa kiwanja, muhtasari wa kikao cha familia, cheti cha ndoa: Uingereza haitavisoma bila tafsiri kamili. Mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake. Hapa nchini Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hufanya kazi hiyo. Usimpe binamu anayejua Kiingereza akakuandikia bila hayo, hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, cheti cha shule kina jina la babu limeandikwa kwa herufi tofauti. Tengeneza hati ya kiapo mapema, kabla ofisa hajadhani ni watu wawili.

Kabla hujatuma hata shilingi kwa shule, iulize kwa maandishi: nikinyimwa viza mnarudisha kiasi gani, na ndani ya siku ngapi? Shule ya kweli ina jibu tayari. Kwa Uingereza, tafuta jina la shule kwenye orodha ya zilizoidhinishwa na British Council. Barua ya kukubaliwa peke yake si ushahidi wa kuidhinishwa, na wala haimlazimishi ofisa kukupa viza.

Yule kijana wa mwanzo tulikaa naye siku mbili. Hatukubadilisha shule. Tulipunguza kozi kutoka wiki 24 hadi 12, alifanya mtihani wa kiwango, akapata barua ya mjomba wake anayemiliki kampuni ya utalii ambako anafanya kazi, na kwenye ombi jipya akataja wazi kwamba alinyimwa mara ya kwanza na kwa sababu gani. Kuficha kunyimwa ni kosa linaloweza kukufungia mlango miaka mingi, wakati kunyimwa kwenyewe hakukufungii. Tulimwambia asikimbilie kuomba tena wiki ileile, kwa sababu ombi lilelile hupata jibu lilelile. Alisubiri miezi minne, akaunti yake ikaonekana inaishi.

Ukija kwetu kwa mara ya kwanza, usije na pesa. Njoo na pasipoti, taarifa ya benki ya miezi sita, vyeti vyako, na kama ulishanyimwa popote, barua ile ya kunyimwa. Tutaanza kwa kukuuliza swali la ofisa, kwa Kiswahili, na tutakaa hapo mpaka jibu lako tulielewe sisi kwanza.